Joseph Lister na Adui Asiyeonekana

Lau ungalivunjika mguu huko Uingereza mwaka 1850, na mfupa ukatokeza nje ya ngozi, ungalikuwa katika hatari kubwa ya kufa. Si kwa sababu ya mfupa, bali kwa sababu ya kidonda. Vidonda vilioza, vikatoa usaha na uvundo, na mara nyingi daktari alilazimika kuukata mguu. Hata hivyo, wengi waliokatwa walikufa. Madaktari waliilaumu hewa mbaya, kwa hiyo hawakuona haja ya kunawa mikono wala kuosha visu kabla ya kupasua. Walivaa makoti makuukuu yaliyokaukiwa damu, na wengine waliyaonea fahari!

Joseph Lister alizaliwa mwaka 1827 karibu na London. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo, lakini alipenda sana lenzi, akaboresha hadubini za wakati ule. Hivyo Joseph alizoea tangu utotoni kutazama vitu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu.

Mwaka 1865, akiwa profesa wa upasuaji mjini Glasgow, Uskochi, alisoma maandishi ya Mfaransa Louis Pasteur, aliyeonyesha kwamba vitu huoza kwa sababu ya vijidudu. Lister akajiuliza kama vidonda navyo havikuoza kwa sababu hiyo hiyo. Alikwisha sikia kwamba katika mji wa Carlisle asidi ya kaboliki ilitiwa katika maji machafu, ikaondoa uvundo wake.

Tarehe 12 Agosti mwaka huo aliletewa mvulana wa miaka 11, James Greenlees. Gurudumu la mkokoteni lilikuwa limempita mguuni, likavunja mfupa na kupasua ngozi. Lister alifunika kidonda kwa kitambaa kilicholowa asidi ya kaboliki, akangoja. Fikiri jinsi siku hizo zilivyokuwa ndefu! Siku ya nne alifungua bandeji. Hapakuwa na usaha wala uvundo. Baada ya wiki sita mfupa ulikuwa umeunga.

Tangu hapo Lister alitumia dawa hiyo kusafishia mikono na vyombo pia. Zamani, kati ya wagonjwa 35 aliowakata viungo, walikufa 16. Baadaye, kati ya 40, walikufa 6. Hata hivyo, madaktari wengi walimcheka, wakasema hawawezi kuogopa viumbe wasioviona. Lister naye hakuwa sahihi katika kila jambo. Kwa miaka mingi alinyunyizia dawa hewani wakati wa kupasua. Mwaka 1890 alitangaza mwenyewe kwamba kazi hiyo haikuhitajika. Alifariki mwaka 1912.

Dawa za kuulia vijidudu zilichubua mikono. Karibu na mwaka 1890, huko Baltimore, Marekani, Daktari William Halsted aliona mikono ya muuguzi wake, Caroline Hampton, imeharibika, akaagiza atengenezewe glavu nyembamba za mpira. Glavu hizo zilikusudiwa kumlinda muuguzi tu. Baadaye ikatambulikana kwamba zilimlinda mgonjwa vilevile.

Siku hizi glavu huvaliwa hata na daktari wa meno, ambaye hufanya kazi penye mate na damu, na kinywa cha mtu hukaa vijidudu vingi mno. Utakapokwenda kwake, tazama. Hunawa mikono, kisha huvaa glavu mpya kwa kila mgonjwa. Hufunika pua na mdomo kwa barakoa, na macho kwa miwani, kwa maana mashine ya kutobolea meno hurusha matone madogo sana. Vyombo vyake vya chuma havichovywi katika asidi ya kaboliki. Huoshwa kwanza, kisha hufungiwa ndani ya chombo chenye mvuke uliobanwa, wenye joto la nyuzi 121 za Selsiasi au zaidi. Maji yanayochemka katika sufuria nyumbani hayafikii joto hilo.