MAISHA YA DENIS PAPIN, MTU WA SUPAPE



Ninyi munaopita kando ya nyumba zenye boileri hapa Bukavu, mumeona ile tiyo ndogo inayotoka ukutani ikiangalia chini, inatonya polepole. Sisi tulifikiri ni ubovu wa kazi. Katika nyumba moja tulipokuwa likizoni, mtu alichoka kuona kibaraza kimelowa, akachonga kijiti, akaiziba. Fundi wa maji alipofika kwa kazi nyingine, alikiona na kukichomoa mara moja, hata mbele ya kutusalimia. Nasi tukashangaa, juu kwetu mtu hasahau salamu.

Akatufasiria. Maji ikipata moto inavimba. Lita 100 za maji ya baridi zikipashwa mpaka karibu digri 80 zinaongezeka karibu lita 3, na hizo 3 zinatafuta njia. Zikikosa njia, presha inapanda ndani ya chuma. Hata boileri za namna mpya zisizo na tanki, zinazopasha maji ikiwa inapita tu, haziko salama kama moto unakataa kuzimika na robine zote zimefungwa. Kwa hiyo kuna supape, inayofunguka yenyewe presha ikizidi. Tiyo yake haiwekwi robine wala bushoni. Inateremka chini bila kupanda tena, na mwisho wake unaachwa wazi pahali panapoonekana, mbali na miguu ya watu, juu maji hiyo inaweza kuunguza.

Tulipomuuliza mwalimu wetu wa fizika ni nani aliyeanza na supape, alitupa jina la Denis Papin. Kumbe ni ndugu yetu katika imani!

Papin alizaliwa mwaka 1647 karibu na mji wa Blois, Ufaransa, katika jamaa ya Waprotestanti. Alisoma udaktari huko Angers, akapata shahada mwaka 1669, lakini wagonjwa hawakumuvuta sana. Alivutwa na hewa, mvuke na pampu. Akaenda Paris kumusaidia mtaalamu Mholanzi Christiaan Huygens, na mwaka 1675 akavuka bahari mpaka London, akafanya kazi na Robert Boyle.

Huko, mwaka 1679, alionyesha chungu chake. Kilikuwa chungu cha chuma kizito, kifuniko kimekazwa kwa skrubu, mvuke usitoke. Sisi watu wa Bukavu tunaweza kuelewa faida yake kuliko watu wa London. Mji wetu uko juu, karibu metre 1,500, hewa ni nyepesi, na maji inatokota karibu digri 95 tu. Ndiyo sababu maharagi ya internati inakula kuni tangu asubuhi na bado inagonga meno. Ndani ya chungu cha Papin presha inapanda, na maji inapita digri 100 mbele ya kutokota. Mifupa migumu ya ng'ombe ililainika ikawa chakula, na yeye alifikiri hasa chakula cha maskini. Mwaka 1682 wataalamu wa Royal Society walikaa mezani wakala vitu vilivyopikwa humo, na wakavisifu.

Lakini chungu kilichofungwa hivyo kinaweza kupasuka na kuua mpishi. Papin alitoboa tundu dogo kwenye kifuniko, akalifunika kwa kizibo, na juu ya kizibo akalaza fimbo yenye uzito unaoning'inia, kama mizani ya sokoni. Mvuke ukishinda ule uzito, kizibo kinainuka, mvuke unatoka, kisha kinarudi pahali pake. Ukisogeza uzito kwenye fimbo, unachagua presha unayotaka. Basi, ni hivyo tu. Supape za leo nyingi zina resori pahali pa uzito, lakini akili ni ile ile.

Mwaka 1685 mfalme Louis XIV alifuta sheria ya Nantes iliyowapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu. Makanisa yalibomolewa, watu maelfu na maelfu wakakimbia. Papin alikuwa ugenini tayari, na sasa njia ya kurudi kwao ilifungwa. Akapokelewa Ujerumani na mtawala wa Hesse-Kassel, akafundisha hesabu huko Marburg. Mwaka 1690 aliandika gisi mvuke unavyoweza kuinua pistoni ndani ya silinda, na ukipoa, uzito wa hewa unaishusha. Wengine walikuja kutengeneza mashine kubwa kwa akili hiyo, wakapata mali. Yeye hapana.

Mwaka 1707 alitaka kurudi London. Alitengeneza mashua yenye magurudumu ya kupiga maji, akateremka mto Fulda kutoka Kassel. Vitabu vingine vinasema ilikuwa na mashine ya mvuke. Si kweli, mashine hiyo haikuwemo. Alipofika Münden, wenye mashua wa pale, waliokuwa na haki ya kusafirisha watu peke yao, waliivunja vipande vipande. Barua zote alizoandika mbele kuomba ruhusa hazikumusaidia kitu.

Akafika London bila mashua. Boyle alikuwa amekufa tangu 1691, na Royal Society, iliyoongozwa wakati huo na Isaac Newton, haikumupa kazi ya kudumu. Aliomba feza kwa majaribio mapya, akapewa kidogo sana. Barua yake ya mwisho inayojulikana ni ya mwaka 1712. Kwa miaka mia tatu hivi hakuna aliyejua alikufa lini wala alizikwa wapi, mpaka jina lake likaonekana katika kitabu cha mazishi cha kanisa la St Bride's, London: Agosti 1713.