Torakusu Yamaha: Fundi wa vinanda ambaye jina lake lipo kwenye boti

Na Mwandishi Wetu

KWA wavuvi na wenye boti za mwendo kasi katika mwambao wa Afrika Mashariki, Yamaha ni injini. Wengi wanaolisoma jina hilo kila siku hawajui kwamba ni la mtu, tena mtu aliyefariki dunia bila kuunda boti wala injini hata moja.

Torakusu Yamaha alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya tabaka la samurai huko Kii, eneo ambalo leo ni Mkoa wa Wakayama nchini Japani. Ujanani alijifunza ufundi wa saa mjini Nagasaki, kisha akageukia ukarabati wa vifaa vya tiba, kazi iliyomfikisha katika mji wa Hamamatsu.

Mwaka 1887, shule moja ya msingi mjini humo ilimwita atengeneze kinanda cha upepo kilichotoka ng'ambo, ambacho kilikuwa kimeharibika. Alipokifungua na kuona kilivyoundwa, aliamini kwamba naye angeweza kuunda cha kwake.

Alishirikiana na fundi mwenzake hadi kinanda kikakamilika. Wawili hao walikining'iniza kwenye mti, wakaubeba mabegani na kuvuka milima ya Hakone kwa miguu hadi Tokyo, safari ya takriban kilomita 250, ili wataalamu wa chuo cha muziki wakipime.

Majibu yalikuwa machungu. Umbo la kinanda lilisifiwa, lakini sauti zake hazikulingana.

Yamaha, wakati huo akiwa na umri wa miaka 36, hakukata tamaa. Alibaki chuoni kwa takriban mwezi mmoja akijifunza namna ya kulinganisha sauti. Chombo kikuu cha kazi hiyo ni uma mdogo wa chuma wenye meno mawili, ambao ukigongwa hutoa sauti moja isiyobadilika. Aliporejea Hamamatsu aliunda kinanda cha pili, nacho kikakubaliwa.

Mwaka 1897 alianzisha kampuni ya Nippon Gakki, yaani Ala za Muziki za Japani. Mwaka uliofuata, kampuni hiyo iliuchagua uma huo kuwa alama yake, na katika nembo ya biashara akachorwa ndege wa hadithi za Kichina akiwa ameushika mdomoni. Baadaye nembo ikawa uma tatu zilizopishana ndani ya duara.

Mwanzilishi huyo alifariki dunia mwaka 1916. Wakati wa vita, kiwanda chake kilitengeneza pangaboi za ndege, na vita vilipokwisha mitambo hiyo ikahitaji kazi nyingine. Ndipo mwaka 1955, chini ya uongozi wa Genichi Kawakami, ilipozaliwa Yamaha Motor, kampuni ya pikipiki iliyorithi jina la fundi huyo na uma zake tatu. Mwaka 1960 ilianza kutoa boti na injini zake.

Kampuni ya vinanda yenyewe ilibadili jina na kuitwa Yamaha mwaka 1987, ikitimiza miaka 100 tangu kinanda kile cha kwanza.

Kwa hiyo, alama inayoonekana leo kwenye injini za boti haikutoka baharini. Ni chombo cha fundi aliyeambiwa kuwa kazi yake ina kasoro, akakubali kukaa chini na kujifunza upya.