Robert Kronfeld, Rubani wa Ndege Isiyo na Injini

Sisi wakaaji wa Ibanda tunajua sana desturi ya mwewe saa sita ya mchana. Jua likisha kuipasha moto nchi tambarare ya Kasese, hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto, ikawa nyepesi, ikapanda juu. Mwewe huingia katika hewa hiyo, akatandaza mabawa, akazunguka bila kuyapiga, mpaka akaonekana kama nukta tu mbele ya milima ya Rwenzori. Robert Kronfeld alikuwa mmoja wa watu waliotaka kuijua siri hiyo, nami nataka kuwasimulia maisha yake.

Kronfeld alizaliwa mwaka 1904 katika mji wa Vienna, nchi ya Austria. Alipokuwa kijana alirusha glaida, yaani ndege isiyo na injini, katika mlima wa Wasserkuppe huko Ujerumani. Siku zile marubani wa glaida walitegemea zaidi upepo unaogonga ubavu wa mlima na kupanda. Aliyeuacha mlima alishuka upesi, kwani hakujua mahali pengine penye hewa ya kupanda. Hewa haionekani kwa macho, na mtu anayepandishwa polepole huweza kudhani kwamba hapandi hata kidogo.

Mwaka 1928 Alexander Lippisch, mtaalamu wa kubuni ndege, alimshauri atie chombo kiitwacho variometa ndani ya glaida yake. Chombo hiki kina chupa ya hewa yenye mrija mwembamba. Glaida ikipanda, kani ya hewa ya nje hupungua, na hewa ya chupani hutoka. Ikishuka, hewa ya nje huingia. Mshale huonyesha mwendo huo, na rubani hujua kama anapanda au anashuka.

Mwaka 1929 Kronfeld aliruka zaidi ya kilomita 100, jambo ambalo hakuna rubani wa glaida aliyelifanya kabla yake. Alipewa zawadi na gazeti moja. Glaida yake aliiita Wien, ndilo jina la mji wake kwa Kijerumani. Mwaka 1931 alivuka bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza, kwenda na kurudi siku moja, akapata pauni 1,000. Lakini si kila safari ilikuwa ya furaha. Mwaka 1932 glaida yake nyingine, kubwa mno, ilivunjika ndani ya wingu, naye akaokoka kwa parachuti.

Mwaka 1933 Hitler alishika serikali ya Ujerumani. Kronfeld alikuwa Myahudi, basi akakatazwa kuruka katika nchi ile aliyoiletea sifa. Hewa haimwulizi mtu kabila lake, lakini watu humwuliza. Alirudi Austria, kisha akahamia Uingereza, akawa raia wa huko, na wakati wa vita akatumikia jeshi la ndege la Waingereza.

Tarehe 12 Februari 1948 alikuwa akijaribu glaida ya namna mpya isiyo na mkia. Ilipoteza mwendo ikaanza kuanguka. Mwenzake aliruka kwa parachuti akapona, bali Kronfeld alikufa.

Chombo alichokitumia kilibaki, lakini kilikuwa na shida yake. Glaida nyingi huzunguka pamoja katika hewa moja ya kupanda, na rubani anayeinama kuutazama mshale hamwoni mwenzake anayekuja. Kwa hiyo mafundi waliofuata walitengeneza variometa inayotoa sauti, ili masikio yafanye kazi na macho yabaki nje. Siku hizi viko hata vioo na miwani vinavyoonyesha tarakimu mbele ya uso, rubani asiinamishe kichwa.

Wenzangu, Kronfeld alikubali kwamba hisia zake hazitoshi, akatafuta msaada wa chombo. Hapo ndipo alipowashinda wengi. Lakini chombo chema ni kile kisichomnyima mtu macho yake. Mtakapomwona tena mwewe juu ya bonde la Mubuku, angalieni: anazunguka, na huku anatazama pande zote.