John Howard, Rafiki wa Wafungwa

Bwana wetu alipowataja watakaosimama mkono wake wa kuume, aliwahesabu waliomtazama mgonjwa na waliomwendea mfungwa. John Howard wa Uingereza aliyafanya yote mawili pamoja, kwa kuwa aliwaendea wagonjwa waliokuwa kifungoni.

Alizaliwa mwaka 1726. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri, akamwachia mali. Baada ya tetemeko kubwa la Lisbon la mwaka 1755, Howard alisafiri kwenda Ureno, lakini meli yake ilitekwa na Wafaransa, naye akatiwa gerezani huko Brest. Ndipo alipojua njaa na kiu ya mfungwa. Alipofunguliwa alirudi kwake Cardington, karibu na mji wa Bedford. Mkewe Henrietta alifariki mwaka 1765, akamwachia mtoto mchanga.

Mwaka 1773 aliwekwa kuwa sherifu wa Bedfordshire, na magereza ya jimbo yakawa chini yake. Wengi walipokea cheo hicho bila kukanyaga jela. Howard aliingia. Alikuta bwana jela hana mshahara, anaishi kwa ada za wafungwa. Hata aliyeonekana hana hatia alirudishwa ndani mpaka alipe. Akapanda farasi kuyatazama magereza ya majimbo mengine.

Huko alikutana na homa ya jela, akaona kwamba inaua wafungwa wengi kuliko kitanzi. Wala haikukaa nyuma ya kuta. Mwaka 1750 ilitoka gereza la Newgate na kuingia mahakamani London, ikawaua majaji wawili na meya wa mji. Watu wa wakati ule walilaumu hewa chafu. Mwaka 1909 Charles Nicolle alionyesha kwamba inaletwa na chawa. Huko Exeter Howard alikuta mganga wa jela ambaye mkataba wake ulimwachilia asishuke shimoni kuwatibu wenye homa hiyo. Yaani mganga alikuwapo, lakini si kwa wale waliomhitaji zaidi.

Howard alitoa ushahidi mbele ya Bunge, na mwaka 1774 sheria mbili zikapitishwa. Ya kwanza iliondoa ada kwa walioachiliwa. Ya pili iliagiza kuta zipakwe chokaa kila mwaka, viwepo vyumba vya wagonjwa, vya wanaume mbali na vya wanawake, na kila gereza liwe na mganga au mtengeneza dawa mwenye uzoefu, alipwe mshahara na kutoa taarifa kwa mahakimu. Howard alizichapisha sheria hizo kwa fedha yake na kuwapelekea mabwana jela. Alipozunguka tena alikuta wengi hawajazitii. Hakukata tamaa, mwaka 1777 akatoa kitabu juu ya hali ya magereza, akitaka mganga awaone wagonjwa mwenyewe kila siku, minyororo yao ifunguliwe, nao wapewe chakula kinachowafaa pamoja na dawa.

Alifariki Januari 1790 huko Kherson, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, kwa homa aliyoipata akiwahudumia wagonjwa. Hakuwa wa Kanisa letu la Anglikana, lakini sanamu yake ilikuwa ya kwanza kuwekwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London.

Ndugu zangu, anayekamatwa usiku huenda akaacha nyumbani vidonge vya kifua kikuu, vya kifafa, vya presha au vya virusi vya UKIMWI. Siku chache bila dawa zaweza kumharibia matibabu ya miezi mingi. Basi ndugu yako akiwa mahabusu au gerezani, ukimtembelea chukua kadi yake ya kliniki, uwaambie wakuu wa mahali pale ugonjwa wake na dawa anazotumia. Dawa zikabidhiwe kwao zikiwa katika pakiti zake, zenye jina lake na kipimo. Usizifiche ndani ya chakula, wala asigawiwe mwingine. Na asiye na ndugu wa kumwendea, sisi ndio ndugu zake.