Dadasaheb Phalke na Dhahabu ya Saraswatibai

Ni desturi njema kwamba jumuiya inapoadhimisha mwaka wa hekalu lake huwakumbuka wale waliotangulia. Safari hii tumependa kuwasimulia waumini wenzetu na majirani zetu wa Sapiwi na Bariadi habari za mtu ambaye hakujenga hekalu, bali aliliingiza simulizi la miungu yetu katika jumba la sinema la mtaani. Mtu huyo ni Dhundiraj Govind Phalke, aliyejulikana kwa heshima kama Dadasaheb.

Alizaliwa tarehe 30 Aprili 1870 huko Trimbak, mji wa hija karibu na Nashik, katika ukoo wa Kibrahmani uliothamini elimu ya Kisanskriti. Alisoma uchoraji katika chuo cha sanaa cha J. J. mjini Bombay, kisha akaendelea katika Kala Bhavan ya Baroda. Sisi wenye asili ya Gujarat tunayo sababu ya kumhesabu kuwa ni wa kwetu pia, kwani katika mji wa Godhra ndiko alikofungua studio yake ya kupiga picha. Huko huko tauni ilimchukua mkewe wa kwanza pamoja na mtoto wao, naye akafunga studio na kuondoka.

Baada ya hapo alijaribu kazi nyingi. Alijifunza kiinimacho, akaajiriwa na idara ya mambo ya kale, akaanzisha kiwanda cha kuchapa picha, na akasafiri hadi Ujerumani kutafuta maarifa ya uchapaji. Alipofarakana na washirika wake alikiacha kiwanda hicho, akabaki bila shughuli ilhali umri umekaribia miaka 40.

Ndipo siku moja, katika jumba la sinema la mjini Bombay, akaona filamu ya maisha ya Yesu. Watazamaji wengine waliporudi makwao, yeye alibaki na swali: kama picha za maisha ya Yesu zinaweza kutembea kitambaani, kwa nini zisitembee za Rama na Krishna? Alirudi kutazama tena na tena, akakesha akichunguza mashine na filamu, hata macho yakamvimba na kuanza kupoteza nuru, mpaka daktari akamwokoa. Mwaka 1912 aliweka rehani bima yake ya maisha, akaenda London, akajifunza kazi na kurejea na kamera aina ya Williamson.

Hapa ndipo anapoingia mtu wa pili wa habari hii, naye ni Saraswatibai, mke aliyemwoa baada ya msiba wa Godhra. Fedha zilipopungua, Saraswatibai alitoa vito vyake vikauzwa. Kila mwenye kujua mila zetu anaelewa uzito wa jambo hilo. Dhahabu ya mwanamke wa Kihindi ndiyo akiba yake ya mwisho, kinga yake siku ya ugonjwa na siku ya ujane. Wala hakuishia hapo. Alijifunza kutoboa filamu na kuisafisha kwa dawa gizani, alisimama juani akishika shuka jeupe la kuakisi mwanga, na alipika kila siku chakula cha makumi ya watu waliofanya kazi hiyo.

Filamu hiyo iliitwa Raja Harishchandra. Kwa faida ya majirani zetu, Harishchandra ni mfalme aliyeacha ufalme wake, akatengana na mke na mwana, na kuwa mtumishi wa mahali pa kuchomea maiti, yote hayo kwa ajili ya kutimiza neno alilotoa. Wakati ule hakuna mwanamke aliyekubali kuigiza mbele ya kamera, kwa hiyo nafasi ya malkia Taramati alipewa kijana mpishi wa mkahawani aitwaye Salunke. Kijana Bhalchandra, mtoto wa Phalke mwenyewe, akawa mwana wa mfalme. Tarehe 3 Mei 1913 filamu ilifunguliwa kwa umma katika jumba la Coronation, Bombay, na watu wakafurika.

Mwaka 1917 ikafuata Lanka Dahan, ambamo Salunke yule yule aliigiza Rama na Sita pia. Inasimuliwa kwamba Rama alipotokea kitambaani watazamaji walivua viatu vyao. Mwaka 1919, katika Kaliya Mardan, Krishna mdogo aliigizwa na Mandakini, binti wa Phalke.

Mbegu hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1921 Hassanali Adamji Jariwalla alifungua Royal huko Zanzibar, jumba ambalo baadaye liliitwa Majestic, likaungua, na kujengwa upya mwaka 1955. Katika kumbi za namna hiyo, Mhindu, Mwislamu na Mkristo walikaa safu moja kutazama filamu za Bombay.

Phalke mwenyewe hakufaidi sana. Alishirikiana na wafanyabiashara katika kampuni ya Hindustan mwaka 1918, wakatofautiana, akajitenga kwa muda mjini Benares. Sauti ilipoingia katika sinema, zama zake zikapita. Filamu yake ya mwisho, Gangavataran, ilitoka mwaka 1937, na tarehe 16 Februari 1944 alifariki dunia mjini Nashik, akiwa karibu kusahauliwa. Mwaka 1969 Serikali ya India ilianzisha tuzo yake kubwa ya sinema kwa jina lake.

Tuzo hiyo ina jina la mume peke yake. Hatulalamiki kwa hilo, bali tunajitazama wenyewe. Sisi wafanyabiashara tumezoea kuandika majina yetu katika mabamba ya marumaru: fulani ametoa saruji, fulani ametoa mabati. Lakini katika nyumba nyingi mchango huo ulianza na bangili iliyotoka mkononi mwa mama, na chakula cha mafundi kilipikwa na mikono isiyoandikwa popote.

Kwa hiyo tunatoa ombi moja kwa kamati katika maadhimisho haya. Orodha ya wafadhili itakaposomwa, na bamba jipya litakapochongwa, jina la mke lisomwe na lichongwe pamoja na la mume. Marumaru ina nafasi ya kutosha.