Sokoine na Njia ya Mtoto wa Mfugaji Kuelekea Udaktari wa Mifugo

Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki dunia tarehe 12 Aprili, 1984 kwa ajali ya gari eneo la Dakawa mkoani Morogoro, akitokea Dodoma kwenye kikao cha Bunge kuelekea Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 45. Haikupita miezi mitatu, kitivo cha kilimo, misitu na tiba ya wanyama kilichokuwa Morogoro chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapandishwa hadhi kwa Sheria Na. 6 ya mwaka huo. Tarehe 1 Julai, 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Madaktari wa mifugo waliohitimu hapo tangu wakati huo wana vyeti vyenye jina la kiongozi ambaye mwenyewe hakusomea fani hiyo.

Sokoine alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti, 1938 katika jamii ya Kimasai. Alianza shule mwaka 1948, katika umri ambao mtoto wa kiume wa mfugaji alitarajiwa kuwa machungani, na akaendelea hadi Umbwe, Kilimanjaro, alikomaliza mwaka 1958. Alijiunga na TANU mwaka 1961, akasoma utawala Ujerumani Magharibi kati ya 1962 na 1963, kisha akarejea kuwa Afisa Mtendaji wa Wilaya ya Masai. Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa Mbunge. Simulizi nyingi za maisha yake hukimbilia vita dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 na kuiruka miaka hii ya wilayani, ingawa ndiyo iliyomweka karibu na masuala ya malisho, maji na majosho akiwa mtendaji wa Serikali.

Katika miaka hiyo kijana wa Kitanzania aliyetaka kuwa daktari wa mifugo bila kwenda ng'ambo alilazimika kuvuka mpaka hadi Kabete, Kenya. Mafunzo ya tiba ya wanyama yalianza Morogoro mwaka 1976. Sokoine aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu tarehe 13 Februari, 1977, siku chache baada ya mpaka wa Tanzania na Kenya kufungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Kama Morogoro isingekuwa imeanza, nchi yenye mamilioni ya ng'ombe ingejikuta haina mahali pake pa kuwaandaa madaktari wa mifugo katika kipindi kigumu kuliko vyote.

Alijiuzulu mwaka 1980 kwa sababu za afya, akarejea katika wadhifa huo Februari 1983.

Jina la mfugaji katika lango la chuo halijaifanya njia ya kuingia humo kuwa fupi. Shahada ya tiba ya wanyama huchukua miaka mitano, na msingi wake ni Biolojia na Kemia. Mwanafunzi wa Bahi au Kongwa anayeiacha Kemia anapoingia Kidato cha Tatu amekwisha kujifungia mlango, mara nyingi bila mtu wa kumweleza hivyo. Anayehama na mifugo wakati wa kiangazi hukosa vipindi vya maabara, navyo havifidiwi kwa kuazima daftari la mwenzake.

Mkoa wa Dodoma, hata hivyo, una njia ya pili ambayo familia nyingi haziifahamu. Mpwapwa ni kituo cha utafiti wa mifugo tangu enzi za utawala wa Wajerumani, na ndiko ilikozalishwa aina ya ng'ombe inayoitwa kwa jina la mji huo. Kampasi ya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo (LITA) iliyopo hapo hutoa stashahada ya afya na uzalishaji wa mifugo, na mhitimu mwenye ufaulu unaotakiwa anaweza kuomba shahada. Kijana wa namna hiyo hufika Morogoro akiwa amekwisha kuogesha mifugo, kuchanja na kuiona ndigana kali kwa macho yake.

Uhitaji wa watu hao ulionekana wazi mwaka 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipoua mifugo na watu katika mikoa kadhaa, na Dodoma ikawa miongoni mwa mikoa iliyoathirika zaidi. Ugonjwa huo humfikia binadamu kupitia damu na nyama ya mnyama mgonjwa na pia kwa mbu. Kwa hiyo anayeutambua zizini mapema huokoa zaidi ya ng'ombe.

Sokoine alizikwa kwao Monduli Juu. Maombi ya kujiunga na chuo kinachoitwa kwa jina lake hutumwa moja kwa moja chuoni, kwa kufuata miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inayotolewa kila mwaka, mmoja kwa wahitimu wa Kidato cha Sita na mwingine kwa wenye stashahada.