Siku Bruce Lee alipoinua chuma bila kupasha misuli

Umeanza karate juzi hapo Tononoka. Siku ya kwanza ulirusha mateke kama mia, ukarudi nyumbani ukijiona simba. Kesho yake mapaja yakakaza. Kesho kutwa ndiyo ikawa balaa: unashuka ngazi umeshika ukuta kama nyanya yako, na makanga anakufokea ushuke haraka. Sasa unajiuliza, uache ama ujikaze kisabuni? Kabla hujaamua, hebu nikupe stori ya mtu ambaye picha yake umeiona kwenye ukuta wa kinyozi tangu ukiwa mdogo.

Bruce Lee alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 27 Novemba 1940. Babake alikuwa mwigizaji wa opera ya Kichina na alikuwa huko kwa maonyesho tu, kwa hivyo mtoto alikulia Hong Kong. Aliigiza filamu angali mdogo, na alipobalehe akaenda kwa mwalimu Ip Man kujifunza Wing Chun. Na usidhani alikuwa wa ngumi peke yake. Mwaka wa 1958 alishinda mashindano ya densi ya cha-cha Hong Kong. Lakini ugomvi wa mitaani ulizidi, na mwaka wa 1959, akiwa na miaka 18, wazazi wakampandisha meli kwenda Marekani, mfukoni ana dola 100.

Huko Seattle alifanya kazi mkahawani, akasoma, akaingia Chuo Kikuu cha Washington mwaka wa 1961, na pembeni akawa anafundisha kung fu. Baadaye aliacha chuo bila digrii, na mimi si mtu wa kumlaumu kwa hilo. Mwaka wa 1964 akamuoa Linda Emery, wakahamia Oakland.

Hapo Oakland ndipo alipopigana na Wong Jack Man. Watu wanabishana mpaka leo nani alishinda. Upande wa Bruce unasema alishinda yeye, ila hata huo unakiri alimaliza akihema vibaya na hakupendezwa na mwili wake. Kuanzia hapo akageuza mazoezi yote: mbio, kamba, vyuma, kunyoosha viungo, kila kitu akikiandika kwenye daftari. Alicheza Kato kwenye kipindi cha televisheni cha The Green Hornet kati ya 1966 na 1967, na mwaka wa 1967 akaupa mtindo wake jina la Jeet Kune Do.

Sasa sikiliza hapa. Agosti 1970, akiwa na miaka 29, aliweka chuma cha kama kilo 57 mabegani, akawa anainama kiunoni na kuinuka. Kwake huo haukuwa uzito wa kutisha. Tatizo, kama inavyosimuliwa, siku hiyo hakupasha misuli moto kwanza. Mgongo ukaumia, na madaktari wakasema neva ya chini ya uti wa mgongo imedhurika. Wakamwambia asahau mateke.

Fikiria: mke, watoto wawili wadogo, pesa hamna, na kazi yako ni mwili wako. Alilala kitandani miezi kadhaa. Huko kitandani alisoma na kuandika, na baada ya kifo chake sehemu kubwa ya maandishi yale ikatoka kama kitabu, Tao of Jeet Kune Do, mwaka wa 1975. Kisha akarudi kidogo kidogo. Hakuruka siku moja kutoka kitandani hadi teke la juu. Mwaka wa 1971 ikatoka The Big Boss, mwaka uliofuata Fist of Fury na Way of the Dragon. Yale mateke yote unayoyaona, aliyapiga na mgongo ambao haukuacha kumsumbua. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 32, kabla Enter the Dragon haijaonyeshwa.

Turudi kwako. Maumivu yako ya ngazi si jeraha kama lake. Ukiupa mwili kazi ambayo haujaizoea, hasa ile ya kushuka na kujizuia, nyuzi za misuli huchanika kidogo sana, halafu mwili unazikarabati. Maumivu hupanda kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha yanashuka. Wengi watakwambia ni asidi imebaki kwenye misuli. Si kweli, hiyo huondoka ndani ya saa moja ama mbili. Na habari njema: ukirudia zoezi lile lile wiki ijayo, litauma kidogo, maana misuli imeshajifunza.

Kwa hivyo fika dakika kumi mapema. Kimbia pole pole, ruka kamba, zungusha nyonga na mabega, rusha mateke ya chini kabla ya ya juu. Wiki ya kwanza piga mateke 30, si 100, halafu ongeza. Ukimaliza usikae kitako ghafla, tembea kwanza. Kunyoosha viungo kutakupa wepesi, lakini usitegemee kuwa kutazuia maumivu ya kesho. Joto la Mombasa unalijua, kwa hivyo maji kabla na baada. Kula mayai, maharagwe, samaki ama mbaazi, si chai na mahamri peke yake. Na ulale, maana ukarabati mwingi hufanyika usingizini. Siku ya maumivu tembea mpaka Mama Ngina na urudi, itakusaidia kuliko kulala kwenye kochi.

Lakini jua tofauti. Maumivu yakija ghafla katikati ya zoezi, yakikaa sehemu moja, yakivimba, ama mguu ukifa ganzi, simama. Ukiona mkojo umekuwa mweusi kama soda, usingoje kesho, nenda hospitali. Hapo kujikaza kisabuni si uanaume, ni ujinga.

Basi usiache. Darasa lijalo nenda, hata kama mapaja bado yanalalamika kidogo. Mwenzako akikucheka unazunguka uwanja pole pole kabla ya teke la kwanza, mwambie kuhusu kile chuma cha kilo 57.